Mhuri Wangu na Jiko Namba Kumi na Moja

Mhuri niliuchonga kabla sijaitisha kikao hata kimoja. Nalisema hili mapema, maana mke wangu akinitangulia kulisema atalisema kwa urefu, na atacheka katikati.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipata polio nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kulia ukaendelea kukua, wa kushoto ukagoma. Natembea kwa magongo mawili, nashona kwa cherehani ya mkono, na ulimi wangu ni mzima kabisa. Ulimi huo ndio ulionipa cheo. Siku moja nilikwenda ofisi fulani kufuata barua, nikaambiwa mhusika yuko ghorofani. Ngazi ishirini na mbili, hapana pa kushika. Mtu mwenye akili zake angemwomba mhusika ashuke. Mimi nikakaa kitako kwenye ngazi ya kwanza, nikapanda moja moja kwa makalio, magongo nimeyakumbatia, huku nalihutubia jengo zima. "Sheria ipo! Majengo ya umma yafikike na kila mtu! Nani kaisoma humu ndani?" Watu wakatoka vyumbani kutazama. Nilipofika juu suruali imechanika nyuma, na mimi ndiye fundi wa suruali. Mhusika alikuwa kaenda kunywa chai.

Sheria ile ile niliyoipigia kelele inataka pawe na kamati za watu wenye ulemavu hadi huku chini kwetu, na sisi hatukuwa nayo. Maofisa walipoanza kutafuta mtu wa kuianzisha, wakamkumbuka yule bwana wa ngazi. Nikaitisha uchaguzi saa nne asubuhi, wakaja watu tisa, nikachaguliwa mwenyekiti. Kesho yake nikapanda bajaji hadi Bagamoyo mjini nikachongesha mhuri, wa duara, wino wa buluu, neno MWENYEKITI katikati. Nikachapisha na fulana nyeupe yenye maneno mgongoni: HAKUNA LOLOTE KUTUHUSU BILA SISI. Kola niliishona mwenyewe nyumbani, maana niliona kiongozi hapendezi na fulana isiyo na kola.

Mke wangu akaugeuzageuza ule mhuri mkononi.

"Na huu utaugonga wapi?"

"Kwenye maamuzi."

"Haya. Anzia humu ndani, tuone kama yatapita."

Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaletewa barua ya kuitwa kwenye kikao cha wadau, nikasahau hasira zote.

Huku kwetu, kaskazini kidogo ya mji, tulikuwa na kisoko cha samaki ambacho hakikuwa na paa wala bomba. Wakaangaji walikaa chini kwenye mikeka, kila mmoja na mafiga yake na karai lake, na moshi ulimtoa machozi muuzaji na mnunuzi bila upendeleo. Sasa ilikuwa imeamuliwa lijengwe soko la maana: paa, maji, vyoo, na majiko ya matofali yaliyopangwa kwa mstari. Mimi nikaitwa niipitie ramani kwa niaba ya watu wenye ulemavu wote.

Injinia alikuwa kijana wa kutoka Dar, mpole, mwenye adabu zake. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba, mwanangu." Akatandaza ramani juu ya meza. Mimi maisha yangu yote ni inchi. Nipe inchi nitakushonea kanzu gizani. Ramani ile ilikuwa milimita tupu, tarakimu zimejazana kama namba za simu. Ningesema tu, "Mwanangu, hebu nifafanulie," kijana yule angenifafanulia kwa furaha. Lakini mwenyekiti na mhuri wake atasemaje maneno hayo mbele ya watu na sahani ya sambusa? Nikavaa miwani, nikapitisha kidole juu ya karatasi, nikasema, "Mmh." Nikavua miwani, nikasema "Mmh" nyingine, ndefu zaidi.

Nilijua mambo mawili tu, choo na njia ya mteremko ya kupandia. Hayo nikayasemea mpaka nikapiga meza. Choo kiwe na vyuma vya kushikilia! Mlango uwe mpana! Njia ya mteremko iwe mbele, tusipitishwe uani kama mizigo! Kijana akaandika yote. Kisha akauliza, kwa upole wake ule ule, "Mwenyekiti, kuna wengine niwaulize? Naweza kuwafuata hata majumbani kwao."

Nikamjibu, na Mwenyezi Mungu alinisikia: "Wengine ni mimi."

Kijana akaandika na hilo.

Jengo lilipokaribia kwisha, akaniita nikague. Nilikwenda na fulana yangu. Njia ya mteremko ilikuwa kali, wallahi. Niliipanda nahema, magongo yanateleza, jasho linaingia kwenye kola. Nilipofika juu kijana akauliza, "Vipi mzee, si kali sana?" Mafundi wote wametua nyundo, wananitazama. "Kali wapi?" nikasema. "Safi kabisa." Nilikuwa nasemea puani maana pumzi ilikuwa haijarudi.

Akanipeleka kwenye jiko la kwanza. Lilijengwa kwa matofali hadi usawa wa kiuno, na juu yake tundu la kukalishia karai. Nikaliegemeza gongo moja ukutani, nikajisogeza, nikajifanya nageuza samaki. Lilinikaa barabara. Nikasema safi tena. Nikautoa mhuri mfukoni, nikaupulizia pumzi, nikaugonga kwenye karatasi ya idhini. Ukatoka upande. Nikaomba karatasi nyingine, nikagonga upya, wakapiga picha.

Sasa nimlete yule dada, maana habari hii ni yake. Yeye miguu yake haifanyi kazi kabisa. Anakwenda kwa mikono, kajifunga vipande vya tairi viganjani, na ana mabega ambayo mabaharia wangeyaonea wivu. Amekaanga samaki miaka kumi na miwili kwenye mkeka pale soko la zamani, na kwa karai lile anamlea mama yake mzazi na binti yake aliyeko sekondari. Mimi ni mteja wake. Kila Ijumaa nanunua changu wawili, na kila Ijumaa ananiuliza kama ile suruali yangu nimeishona mwenyewe au nimeiokota. Kwenye kamati hakuwemo. Saa nne asubuhi, saa niliyoichagua mimi kwa uchaguzi, ndiyo saa samaki wanapoingia. Hakuna mkaangaji hata mmoja aliyekuja, na mimi nikasema watu wa huku hawana mwamko.

Siku ya kukabidhi majiko, ofisa wa soko, mama mmoja makini asiyependa maneno mengi, akasoma utaratibu. Kukaanga chini ni marufuku, kwa sababu za usafi. Kila mtu na jiko lake na namba yake. Jiko ambalo halitawashwa ndani ya siku saba atapewa mwingine, maana orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Yule dada akapata namba kumi na moja. Akaipanda ile njia ya mteremko kwa mikono, harakaharaka, akanipita mimi niliyekuwa nimesimama katikati nikijifanya natazama mandhari. Akafika chini ya jiko lake.

Akatazama juu. Kwa pale alipokaa aliona matofali tu. Akanyoosha mkono, ncha za vidole zikagusa ukingo. Kila mwanamke aliliona akilini mwake karai la mafuta ya moto pale juu, na mtu chini yake.

"Nani kapima hili?" akauliza.

Wa kwanza kupaza sauti nilikuwa mimi! "Hata mimi nauliza! Injinia yuko wapi? Hii ni dharau! Tutapuuzwa mpaka lini?" Nikageuka ili watu wayasome maneno ya mgongoni. Injinia, aliyekuwa nyuma yangu, alifungua faili taratibu, akatoa karatasi, akampa yule dada. Mhuri wa buluu ulikuwa umenyooka vizuri, ule wa pili. Dada akausoma, akainua macho.

"Huyu si wewe?"

Nikarekebisha kola. Nililojibu lilikuwa hili: "Tumelipokea, tutalifanyia kazi." Wasomaji, hayo ndiyo maneno niliyojibiwa maofisini miaka yangu yote. Nimeyatukana, nimeyaigiza mbele ya wageni wakacheka. Siku ile yametoka kinywani mwangu yenyewe, bila kutumwa na mtu.

Dada akacheka. "Haya, umeshakuwa mkubwa."

Nikaona nirekebishe upesi kabla habari haijafika nyumbani. Nikakimbilia kwa seremala, nikamwagiza kiti kirefu, chenye mikono pande mbili na mahali pa kufunga mkanda. Kilikwisha kwa siku mbili. Nikakipeleka sokoni kwa bajaji, nikakiweka mbele ya jiko namba kumi na moja, nikapangusa vumbi. Dada akakizunguka.

"Fundi, unataka nikaange samaki au nikaangwe mimi?"

"Kina mikono, dada. Na mkanda."

"Nikiteleza, mafuta yatajua kwamba kiti kina mikono? Na huo mkanda ni wa nini, nisikimbie moto?"

Wenzake wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kidogo, kwa kutaka kupendwa. Yeye hakuwa anacheka tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku zimebaki tano. Nikilikosa hili sina pengine, pale pa zamani wameshapasawazisha. Mama yangu hana mwingine, mwanangu hana mwingine. Wewe unarudi kwenye cherehani yako, mimi narudi wapi? Miaka kumi na miwili unakuja kununua kwangu. Ukashindwa kuniuliza neno moja tu: dada, jiko ulitaka liweje?"

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nilirudi na kile kiti, kimepanda bajaji kama abiria, na kila niliyekutana naye akauliza ni cha nani.

Nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha.

"Akija mteja wa gauni, unampima nani?"

"Mteja."

"Hujipimi wewe?"

"Nitajipimaje mimi, gauni ni lake?"

"Haya," akasema, akaendelea kukuna. Sikula vizuri siku ile, ingawa wali ulikuwa wa nazi.

Asubuhi nikaweka futi yangu ya kupimia shingoni, chaki mfukoni, daftari la wateja kwapani, nikaenda kwake. Nikapiga hodi, akanikaribisha ndani, akakaa kwenye mkeka anavyokaa akifanya kazi. Nikainama nimpime kimo, kama nimpimavyo kila mtu. Akanipiga kofi mkononi.

"Unapima nini huko? Mimi nafanya kazi kwa mikono. Anza na mkono."

Nikaanza na mkono. Kutoka mkekani hadi kiwikoni, inchi tisa. Kutoka begani hadi kwenye ncha ya kijiko cha kugeuzia, inchi thelathini na nne. Nikamwambia basi, jiko lishuke tu, mambo yamekwisha. Akasema bado. Anataka kijikuta, ukuta mfupi wa matofali, kati ya moto na miguu yake. Nikauliza cha nini.

"Miguu yangu haisikii moto. Kikiruka kaa la moto sijui mpaka ninuse."

Akavuta khanga kidogo, akanionyesha makovu. Mengine ya zamani, mengine si ya zamani. Kila Ijumaa nilikuwa nasimama mbele ya miguu ile nikibishana habari ya suruali, na sikujua. Nikaandika: kijikuta, inchi sita. Nikaipigia mstari mara mbili.

"Na usije ukanihamishia pembeni karibu na choo chako," akasema. "Nataka namba yangu ile ile, wateja wanione."

Nikaandika na hilo. Ukurasa ulijaa.

Siku ya tano tukaenda ofisini kwa mama ofisa wa soko, mimi, dada na injinia. Chumba kilikuwa chini, nashukuru. Ofisa akalisoma lile daftari, akavua miwani. "Naelewa. Lakini jengo limeidhinishwa na mwakilishi wa watu wenye ulemavu, karatasi hii hapa. Nikivunja jiko jipya nitaulizwa sababu. Niandike nani kakosea?"

Kisha yeye mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akanifungulia mlango. "Au tuandike kwamba injinia hakufuata makubaliano? Mwenyekiti, wewe ulikubaliana naye hivi?"

Nitasema ukweli. Wazo lile nililipenda. Kijana yule angepewa onyo, angerudi zake Dar, na mimi ningebaki na mhuri wangu na fulana yangu. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Injinia alikuwa anatazama viatu vyake. Dada alikuwa sakafuni kando ya kiti changu, hakunitazama hata kidogo, anatazama mlango tu, kama mtu anayejua kitakachosemwa na anangoja kiishe aende zake. Nimetukanwa na watu wengi, wake kwa waume, lakini hakuna aliyewahi kuniumiza hivyo.

"Kakosea mwenyekiti," nikasema. "Kijana aliniuliza kama kuna wengine, nikamwambia wengine ni mimi. Ramani sikuielewa. Jiko nililipima kwa kiuno changu. Mimi, fundi cherehani wa miaka thelathini, nimemkatia mtu nguo kwa vipimo vyangu."

Ofisa aliuma midomo asicheke. "Kwa hiyo idhini hii haina maana?"

"Haina."

"Na mhuri?"

Nikautoa mfukoni, nikausogeza mezani. Ulikuwa umezungushiwa kitambaa nilichoushonea. Ofisa akaandika mistari michache, akasoma kwa sauti: jiko namba kumi na moja livunjwe lijengwe upya kwa vipimo vilivyoambatanishwa, na siku saba za mwenyewe zisihesabiwe mpaka likabidhiwe. Dada akashusha pumzi, akaufunika uso kwa mikono yake yenye tairi. Mimi nikajifanya natafuta gongo.

Kamati ilifanya uchaguzi mwingine, safari hii saa kumi jioni, samaki wamekwisha. Walikuja watu wengi hata sikuwajua wote: dada asiyesikia anayeuza dagaa, mzee asiyeona anayeshona nyavu, mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Dada wa jiko namba kumi na moja akapita bila mpinzani. Mhuri anauweka kwenye kopo la chumvi, na barua zetu siku hizi zinanukia samaki. Mimi nikaachiwa fulana.

Jiko likakamilika, likakauka. Ijumaa ya kwanza alipoliwasha nilikwenda kuchukua changu wangu. Mkeka wake uko juu ya kibaraza cha saruji, moto uko ng'ambo ya kijikuta, miguu imetulia huku ndani, na mkono unalifikia karai lote bila kujinyoosha. Wateja wanamwona tangu mlangoni. Ilibidi niiname nipokee samaki, mgongo ukalia.

"Halikutoshi?" akauliza.

"Hata kidogo."

"Alhamdulillahi." Akageuza samaki. "Umepitia wapi kuja hapa?"

"Mbele."

"Muongo! Tangu soko lifunguliwe sijakuona kwenye ile njia yako ya mteremko. Unapita uani na wabeba samaki, unadhani hatukuoni?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa navizia matoroli yapite, kisha najipenyeza kwa nyuma kimya kimya, kule kule nilikopigia meza kwamba hatutapitishwa kama mizigo.

"Ni kali, sio?"

"Ni kali."

"Na uliigongea mhuri."

"Niliigongea."

Alipangusa mikono kwenye khanga, akainyoosha kwangu. "Nipe hiyo futi ya shingoni, njia nayo itajengwa upya kwa vipimo. Mguu wa kushoto una inchi ngapi?"

Nimewapima watu wa mwambao huu, maharusi na marehemu. Mguu ule sijawahi kuuwekea futi hata siku moja. Suruali zangu nazikata pana, kwa kukisia, nusu inchi huku na nusu inchi kule, ili asiuone mtu, na mimi mwenyewe nikiwemo.

"Sijui," nikasema.

Hakucheka. "Basi pandisha suruali."

Soko lilikuwa limejaa. Niliyalaza magongo kando ya kibaraza chake, nikakaa chini mkekani, nikapandisha.